Kadi ya Kamera au Rekoda ya Nje: Ulinganisho wa Vifaa, Fomati na Mipangilio

Mtu anapofikiria kununua rekoda ya nje, yaani kifaa chenye skrini kinachounganishwa na kamera ili kuandika video nje ya kadi yake, huanza kwa kuuliza ipi ni bora kati ya Atomos Ninja V na Blackmagic Video Assist, kisha huuliza kama achague ProRes HQ, mojawapo ya fomati za faili za video za Apple, au fomati nyingine. Maswali yote mawili ni ya haki, ila yamelitangulia swali lililostahili kuwa la kwanza, nalo ni hili: kamera uliyo nayo inatoa nini kupitia tundu lake la HDMI? Rekoda ni chombo cha kupokea. Haiwezi kuandika rangi ambazo kamera haikuzituma, wala haiwezi kuirudisha picha iliyopotea ndani ya kamera, na mtu anayeingiza mawimbi ya biti 8 (biti zikiwa kipimo cha wingi wa ngazi za rangi) ndani ya faili ya biti 10 anapata debe kubwa zaidi lenye maji yaleyale.

Kamera inatuma nini

Sony A7 III, iliyotoka mwaka 2018, hurekodi 4K kwenye kadi kwa megabiti 100 kwa sekunde, biti 8, na rangi za 4:2:0. Kupitia HDMI hutuma biti 8 zilezile, ila rangi zinakuwa za 4:2:2. Maana yake ni kwamba katika kila mraba wa pikseli nne, kadi inahifadhi taarifa moja ya rangi na HDMI inatuma mbili, huku taarifa za mwangaza zikibaki kamili kote kuwili. Faida hiyo inaonekana pale unapoondoa pazia la kijani nyuma ya mtangazaji, kwa kuwa kingo za nywele hutoka safi zaidi. Katika mahojiano ya kawaida yatakayoishia YouTube ni vigumu kuiona kwa macho. Ngazi za kila rangi hubaki 256, kwa hiyo ukirekodi kwa S-Log3, mpangilio wa Sony wa picha iliyofifia inayosubiri kusahihishwa rangi, kisha ukaivuta picha sana wakati wa kusahihisha rangi, anga la bluu litaanza kuonyesha mistari kama ya ngazi, uwe umerekodi ndani au nje.

Canon EOS R na Nikon Z6, zote mbili za mwaka huohuo, ni habari nyingine kabisa. Ndani hurekodi 4K ya biti 8, lakini kupitia HDMI zinaweza kutoa biti 10 za 4:2:2, yaani ngazi 1024 kwa kila rangi. Kwa upande wa Z6, N-Log, mpangilio wa Nikon wa namna hiyohiyo, haipatikani kwenye kadi hata kidogo, na anayeitaka hana budi kuwa na rekoda. Kwa mwenye moja ya kamera hizi, rekoda ya nje inafungua uwezo ambao tayari ameulipia na ambao umefungwa ndani ya chombo chake, na ndiyo maana namshauri aitazame rekoda kabla ya kutazama kamera mpya.

Panasonic GH5 ya mwaka 2017 inafundisha kwamba jibu linaweza kubadilika ndani ya kamera hiyohiyo. Katika 4K ya fremu 25 kwa sekunde, GH5 tayari inarekodi biti 10 za 4:2:2 kwenye kadi yake, na rekoda ya nje inaongeza kidogo sana upande wa rangi. Ukipanda hadi fremu 50, kadi inashuka hadi biti 8 za 4:2:0 ilhali HDMI inaendelea kutoa biti 10. Sony A7S III ya mwaka 2020 imekwenda mbali zaidi: kadi yake inapokea biti 10 za 4:2:2, na jambo kubwa linalobaki kwa HDMI ni mawimbi ghafi ya RAW ya biti 16, ambayo Ninja V huyahifadhi kama ProRes RAW ya biti 12. Mwenye kamera hii asiyekusudia kushughulika na RAW atakuwa ananunua skrini nzuri kuliko anavyonunua ubora wa picha. Hali hiyo iko kinyume na ilivyokuwa mwaka 2014, ambapo A7S ya kwanza haikuweza kurekodi 4K bila kuunganishwa na rekoda ya nje.

Kadi, rekoda, na kompyuta mpakato

Tukiacha rangi, kuna tofauti ya jinsi faili inavyoandikwa. Kamera nyingi hubana video kwa H.264 au H.265, ambapo fremu moja huandikwa nzima na zinazofuata huandikwa kama mabadiliko tu kutoka kwenye fremu za jirani. Faili inakuwa ndogo, ila kompyuta inayohariri hulazimika kukokotoa fremu kadhaa ili ionyeshe moja. Fomati za ProRes na DNxHR huandika kila fremu peke yake. Faili inavimba mara tatu, mara tano au hata mara saba, na kwa malipo hayo kompyuta ya miaka sita iliyopita inaweza kucheza safu mbili za 4K bila kukwama. Mhariri ambaye mashine yake inahema kila anaposogeza kishale kwenye H.265 anaweza kupata nafuu kubwa kwa njia hii hata kama kamera yake ni ya biti 8, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu halali ya kununua rekoda ambayo watu huitaja kwa nadra.

Muda nao ulikuwa hoja kubwa. Kamera nyingi za picha mnato zilikatika zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59, kikomo kilichotokana na jinsi Umoja wa Ulaya ulivyotoza ushuru vifaa vilivyohesabiwa kuwa kamera za video. Rekoda ya nje haifungwi na kikomo hicho, na kwa mtu anayerekodi ibada au mhadhara wa saa mbili kwa kamera ya kizazi hicho, jambo hilo peke yake linatosha kuamua.

Upande wa kadi una nguvu zake pia. Hakuna kebo ya kuchomoka, hakuna betri ya pili ya kuangalia, hakuna uzito wa juu unaoyumbisha kamera kwenye gimbo (kishikio kinachoituliza kamera), na kamera yenye nafasi mbili za kadi inaweza kuandika nakala mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo rekoda ndogo haifanyi. Anayefuata bibi harusi kutoka mlango wa gari hadi ukumbini, akipita katikati ya watu na vigelegele, yuko salama zaidi na kadi.

Njia ya tatu ni kupitisha HDMI kwenye kifaa kidogo cha kunasa video kilichochomekwa kwenye kompyuta mpakato yenye programu ya kurekodi na kurusha video kama OBS. Njia hii ni rahisi kwa bei na inafaa sana matangazo ya moja kwa moja, lakini kama njia ya kupata picha bora haina mashiko: mara nyingi video hubanwa tena kwa H.264 ya biti 8, na kompyuta inayoamua kusasisha mfumo wake katikati ya hotuba haina rekoda ya kuiokoa.

Ninja V na Video Assist 5" 12G

Makampuni yote mawili yana asili ya Melbourne nchini Australia, na vifaa vyao vinafanana kuliko mashabiki wao wanavyokubali. Ninja V ilitoka mwaka 2018 ikiwa na skrini ya inchi 5.2 yenye mwangaza wa niti 1000, Video Assist 5" 12G ilitangazwa mwaka 2019 ikiwa na skrini ya inchi 5 yenye niti 2500. Tofauti hiyo huisikii ndani ya ukumbi, ila saa saba mchana ufukweni utaijua mara moja, na mwenye Ninja V atahitaji kivuli cha skrini. Video Assist inapokea pia kebo za SDI, ambazo zina kifunga na huvumilia umbali mrefu, wakati Ninja V yenyewe ni ya HDMI. Vyote viwili vinatumia betri za mtindo wa NP-F, ambazo tayari wapiga video wengi wanazo kwa ajili ya taa. Vyote vina feni, na katika chumba kimya feni hiyo inaweza kusikika kwenye maikrofoni iliyofungwa juu ya kamera, kwa hiyo sauti ya mahojiano ichukuliwe kwa maikrofoni ya kifuani.

Penye uzito halisi ni hifadhi. Ninja V huandika kwenye diski ya SSD ya aina ya SATA inayochomekwa mgongoni mwake. Video Assist huandika kwenye kadi ya SD ya UHS-II, au kwenye diski ya nje kupitia USB-C. Kadi za SD huvutia kwa udogo wake, lakini fanya hesabu kwanza. Alama ya V60 inaahidi kasi ya kuandika isiyopungua megabaiti 60 kwa sekunde, na V90 inaahidi 90. ProRes 422 HQ katika 4K ya fremu 25 inahitaji takriban megabaiti 92, na ProRes 422 ya kawaida inahitaji takriban 61.5, yaani kila moja iko juu kidogo ya ahadi ya kadi ambayo mtu angeinunulia. Kadi nzuri huandika kwa kasi kuliko ahadi yake, na kwa hiyo mara nyingi mambo huenda sawa. Lakini ukipanda hadi fremu 50 mahitaji yanakuwa takriban 184 kwa HQ na 123 kwa 422, na hapo SD si ya kutegemewa tena. SSD nayo ina mtego wake. Diski za bei ya chini huandika kwa kasi sana mwanzoni, kisha akiba yao ya haraka inapojaa kasi hushuka ghafla, nawe unaona fremu zikidondoka dakika ya arobaini wakati jaribio lako la dakika tano sebuleni halikuonyesha kasoro yoyote.

Kwa ufupi wa upande huu, anayefanya kazi ndefu za ukumbini ningemwelekeza kwenye Ninja V kwa sababu ya SSD, na anayefanya kazi za nje mchana au anayechanganya kamera za SDI ningemwelekeza kwenye Video Assist. Kinachobaki ni suala la RAW, ambalo limewatenga wawili hawa kwa makusudi: Ninja V inaandika ProRes RAW, iliyoletwa na Apple mwaka 2018, nayo Video Assist inaandika Blackmagic RAW kutoka kwenye kamera inazozitambua. Anayehariri kwa Final Cut Pro atajikuta nyumbani na ya kwanza, na anayehariri kwa DaVinci Resolve, ambayo kwa miaka mingi haikuisoma ProRes RAW, atajikuta nyumbani na ya pili. Kabla ya kununua, angalia orodha ya kamera zinazotambuliwa na kila rekoda, kwa maana kamera kutoa RAW na rekoda kuipokea ni mambo mawili tofauti.

Fomati: kiasi gani kinatosha

Jedwali hili ni la picha ya 3840 kwa 2160, fremu 25 kwa sekunde. Safu ya mwisho ni ya diski ya terabaiti 1.

| Fomati | Megabiti kwa sekunde | Gigabaiti kwa saa | Muda kwenye diski |
|---|---|---|---|
| ProRes 422 HQ | 737 | takriban 332 | saa 3 |
| ProRes 422 | 492 | takriban 221 | saa 4 na nusu |
| ProRes 422 LT | 342 | takriban 154 | saa 6 na nusu |
| ProRes 422 Proxy | 151 | takriban 68 | saa 14 na zaidi |
| Kadi ya A7 III | 100 | 45 | saa 22 |

Jambo la kuelewa kabla ya kuchagua ni kwamba fomati zote nne za ProRes 422 ni za biti 10 na rangi za 4:2:2. Anayeshuka kutoka HQ hadi LT hapotezi ngazi za rangi. Kinachobadilika ni jinsi fremu inavyobanwa kwa nguvu. Mbano huo huonekana kwanza penye vitu vidogo vinavyotembea kwa wingi, kama majani ya mnazi kwenye upepo, mawimbi, mvua, au chembechembe za usiku pale ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ilipopandishwa. Uso wa mtu aliyeketi mbele ya ukuta hauwezi kukutofautishia HQ na LT hata ukiukuza.

Chukua sherehe ya sendofu inayoanza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa sita usiku. Kamera moja ikiachwa ikirekodi kwa HQ inahitaji takriban terabaiti 2, na ukiweka nakala ya pili kama inavyopasa, unakuwa umetumia terabaiti 4 kwa usiku mmoja wa mteja mmoja. Kwa LT kazi yote inaingia kwenye diski ya terabaiti 1 na nafasi inabaki. Kwa kazi ya namna hii mimi huchagua LT bila kusita, na nimeacha kubishana na wanaosema kwamba ni aibu kumiliki rekoda kisha usitumie HQ. Tangazo la sekunde 30 lenye pazia la kijani, ambalo rangi zake zitavutwa huku na huko, linastahili HQ, kwa kuwa hata ukipiga mara arobaini halitafika nusu saa ya faili. Katikati ya hayo iko ProRes 422 ya kawaida, inayotumia theluthi mbili ya data ya HQ, nayo ndiyo ningeiacha kwenye menyu kwa mtu asiyejua kazi ya kesho itakuwa ipi.

DNxHR ya Avid inafanya kazi ileile, na ni chaguo zuri kwa studio inayohariri kwa Media Composer. Ila majina yake yana mtego uliowanasa wengi. HQ ya ProRes ni ya biti 10, lakini HQ ya DNxHR ni ya biti 8. Anayetaka biti 10 upande huo anapaswa kuchagua HQX. Mtu mwenye Z6 aliyeweka N-Log, akatoa biti 10 kwenye HDMI, kisha akachagua DNxHR HQ kwa kuzoea jina, ametupa alichokinunulia rekoda na hatagundua mpaka atakapoanza kusahihisha rangi. Kompyuta za Windows nazo zinasoma ProRes vizuri katika programu kubwa za uhariri, kwa hiyo ule usemi wa zamani kwamba ProRes ni ya Mac na DNxHR ni ya Windows usikuongoze tena.

RAW inampa mhariri uhuru wa kubadilisha mizani ya weupe na ISO baadaye, lakini inamkabidhi pia kazi ambazo kamera huzifanya kimyakimya, kama kupunguza chembechembe na kunoa kingo. Kwa filamu fupi yenye msahihishaji wa rangi aliyelipwa, ni sawa. Kwa harusi tatu ndani ya mwezi mmoja, ni mzigo.

Fremu na mipangilio ya mawimbi

Afrika Mashariki umeme wa majumbani ni wa hezi 50, na hapo ndipo chaguo la fremu linapoanzia. Kamera iliyowekwa fremu 30 kwa mpangilio wa Marekani, ikiwa na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, inaweza kuonyesha mwanga ukicheza chini ya taa za mirija au taa duni za LED, na hakuna rekoda itakayouondoa. Fremu 25 na shata ya 1/50 ndiyo mahali pa kuanzia, na fremu 50 na shata ya 1/100 kwa matukio utakayoyapunguza kasi. Kituo cha televisheni cha hapa kitaipokea pia 25 bila kuigeuza.

Baadhi ya kamera za zamani hutuma fremu 25 zikiwa zimefungwa ndani ya mawimbi ya 50i, ambayo hugawa kila fremu kuwa nusu mbili za mistari, na rekoda isipoelezwa itaandika faili yenye mistari ya kuchana kwenye vitu vinavyotembea. Hakikisha rekoda inaandika fremu ileile iliyowekwa kwenye kamera, na usiiamini skrini ndogo pekee. Zima pia mpangilio wa kamera unaopeleka taarifa kwenye HDMI, la sivyo kipimo cha betri na mraba wa kulenga vitaandikwa juu ya uso wa mzungumzaji milele. Kwa upande wa 4K ya fremu 50 na biti 10, kebo ya HDMI ya kizazi cha zamani haitoshi. Chukua fupi yenye uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde.

Tundu dogo la HDMI ndilo kiungo dhaifu kuliko vyote. Niliwahi kurekodi nikahi ambayo kebo ililegea baada ya mgeni kuipita karibu, rekoda ikapoteza mawimbi kwa dakika nne, na dakika hizo zilikuwa za ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na ya kukubali ndoa. Kilichoniokoa ni kwamba kadi ya kamera ilikuwa inarekodi pia. Tangu hapo kebo yangu hufungwa kwa kibano kwenye kizimba cha kamera, na kadi haikai bure kamwe. Angalia tu kwamba si kamera zote zinazoruhusu kadi na HDMI kufanya kazi pamoja kwa ubora kamili: nyingine hushusha mawimbi ya nje pindi kadi inapoanza kuandika, nyingine hukataa kabisa kurekodi ndani zinapotoa biti 10. Hilo halijulikani kwa kusoma boksi. Washa vyote viwili nyumbani kwa muda uleule wa kazi yenyewe, kisha fungua faili kwenye kompyuta itakayohariri na usome kilichoandikwa humo: ukubwa wa picha, fremu, biti, na kama sauti imelingana na midomo hadi dakika ya mwisho.